Usizimie

Katika chumba kilichokuwa zamani cha kukunjia mashuka, nyuma ya mapokezi ya kliniki ya wajawazito, palikuwa na seva kuukuu isiyowahi kuzimwa kwa miaka tisa. Ubavuni ilibandikwa plasta yenye mwandiko wa Mama Waya, fundi wa kompyuta: USIZIME. Sista mkuu, ambaye haachi neno lipite bila kulitia chumvi, akachomeka herufi moja kwa kalamu nyekundu. Tangu hapo ikasomeka USIZIMIE, na kila aliyeingia alicheka, isipokuwa mwenye mwandiko.

Kilichomponza Mama Waya ni mdomo. Kikaoni alijigamba, "Kuibadilishia seva mfumo endeshi ni kama kumbadilisha mtoto nepi. Saa sita naanza, saa saba nimemaliza."

Mganga mkuu akamjibu taratibu: ikifika saa nane, kliniki ya mchana ifunguliwe na kumbukumbu hazifunguki, kazi yote inakwenda kwa kampuni ya nje, na fundi anahamia stoo kuhesabu mashuka.

Siku ilipofika, Mama Waya aliketi ofisini kwake ghorofani, akaiamuru seva kwa mbali. Mfumo mpya ukaingia kama maji ya mteremkoni. Baada ya robo saa seva ikaaga kwamba inajiwasha upya. Akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, kimya.

Akaiita, haikuitika. Akalaumu mtandao. Akawalaumu walioandika mfumo, pamoja na walimu wao. Akashuka chini: taa za kijani zinawaka, feni inavuma, mgonjwa anapumua ila hasemi. Akabadilisha waya huu, akabadilisha ule. Akazima, akawasha. Mwishowe akaipiga kofi la upole, tiba ambayo chuoni hawakumfundisha.

Kilichotakiwa ni skrini tu, aione inasema nini. Ilikuwepo moja, mapokezi, hatua kumi na mbili tu. Lakini kwenda kuiomba ni kutangaza msiba. Basi mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwenye cheti chenye fremu, akapiga magoti sakafuni akiuguza mtambo kwa kupapasa. Akamkumbuka marehemu mama yake: "Wewe mwanangu utazama huku unasema maji hayajafika magotini." Alikuwa akikasirika akiambiwa hivyo. Leo angetoa chochote aambiwe tena.

Saa nane kasororobo mlango ukafunguka. Sista mkuu, kakumbatia skrini.

"Hodi. Mgonjwa hajambo?"

"Anaendelea vizuri."

"Na wewe? Maana jasho hilo!" Akaonyesha plasta kwa kidevu. "Soma hapo. Si umeandika mwenyewe?"

"Nusu."

"Inayokufaa leo ni nusu yangu. Chomeka, mama, mabenchi yamejaa."

Akachomeka. Maneno meupe yakatokea, na maana yake ilikuwa moja: kibodi haionekani, bonyeza F1 kuendelea.

"Inasemaje?"

"Inaomba kibodi."

"Kwani ya kwake iko wapi?"

Mama Waya akatazama sakafu. Aliing'oa mwenyewe miezi miwili iliyopita, akawapa mapokezi baada ya yao kumwagikiwa chai. Tena aliitoa kwa mbwembwe: seva, aliwaambia, haihitaji vidole.

Sista akatoka, akarudi na kibodi inaning'inia kwa waya kama panya aliyeshikwa mkia. Kitufe kimoja tu. Mistari ikaanza kukimbia kwenye skrini, na zikiwa zimebaki dakika tatu, kadi ya mjamzito wa kwanza ikafunguka.

"Mganga mkuu nimwambie umetumia saa ngapi?"

"Robo saa. Muda uliobaki nilikuwa natafuta heshima yangu."

"Umeipata?"

"Kumbe ilikuwa mapokezi."

Sista alipokwisha kucheka na kwenda zake, Mama Waya akakata plasta mpya, akaandika: UKIZIMA, CHOMEKA KIBODI KWANZA. Mwishoni akaacha nafasi ya kalamu nyekundu.