Nani Anabandua Kodi Zangu?

Jumatatu ile nilifagia mlangoni pa duka langu, nikakusanya stika kumi na moja. Zimekunjwakunjwa, zimetupwa.

Zote zangu. Zote zimebanduliwa kwa kucha.

Mwizi unamwelewa. Kaona kitu, kakipenda, kakibeba. Lakini mtu anayekaa akabandua stika zako moja moja, halafu anazitupa mlangoni kwako uzione? Huyo ana neno na wewe.

Na mimi nina tabia moja mbaya, niiseme mapema. Nikishamshuku mtu, hata akipiga chafya naona ishara.

Nikageuka ndani. Nikamwona wifi yangu anakata kucha.

Weee!

Ngoja nianze mwanzo mnielewe.

Mimi nauza rangi. Za ukuta, za milango, za mageti. Duka alilianzisha baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, na alipotutoka tukabaki wawili. Mimi kaunta. Nyuma, kwenye kuchanganya, wifi, mdogo wa mume wangu.

Na kuchanganya kwa wifi si mchezo. Wateja wetu hawaombi rangi kwa namba. Mtu anaingia anasema, nataka rangi ya chai ya maziwa, ila iliyopoa. Mwingine anataka bluu ya shati la sare lililofuliwa mwaka mzima. Wifi anaitikia tu, anazama nyuma, anatoka nayo. Kopo la rangi nyeupe analitilia zile rangi kali za chupa ndogo, na anapimia kizibo kimoja cha shaba alichoachiwa na baba yake. Kizibo hicho na yeye ni kama pua na mdomo.

Mimi? Mimi hata uji nikikoroga unatoka madonge.

Basi, nikaenda semina ya wafanyabiashara. Kijana mmoja wa suti ya kubana akatuonyesha kile kimraba chenye vidoti vyeusi. Mteja anakielekezea simu, ukurasa wako unafunguka. Akasema biashara isiyo na hiyo QR code imeshakufa, inasubiri kuzikwa tu.

Maneno yakanichoma. Nikaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa: KODI.

Nilirudi na stika mia tatu, za kubandika mbele ya makopo. Kimraba katikati, na juu yake maandishi mekundu: SKANI KODI UTUJUE ZAIDI.

Ukiskani unaniona mimi. Nimekunja mikono, nimevaa gauni la harusi ya binamu yangu. "Karibu katika ulimwengu wa rangi." Chini yake historia yangu, aya sita.

Wifi akaitazama muda mrefu.

"Wifi, hili neno kodi..."

"Limekufanya nini?"

"Hamna. Na mteja akifungua, anakuta nini?"

"Anatukuta sisi."

"Sisi au wewe?"

Nikamwambia akiwa na wivu na yeye aende semina. Akarudi nyuma kukoroga. Alijaribu tena mara mbili wiki ile. Sikumpa nafasi.

Wiki ya kwanza kodi ilisomwa mara nne. Mara tatu nilikuwa mimi najaribu kama inafanya kazi. Ya nne alikuwa mume wangu, na nilimlazimisha.

Halafu ndiyo zikaanza kubanduliwa.

Nikaanza kumchunga wifi. Akienda chooni nahesabu dakika. Akicheka na mteja natega sikio. Nikagundua kila mchana, saa ya kula, anaingia stoo na simu, anarudishia mlango.

Jumanne ya wiki iliyofuata nikasogea na sahani yangu mkononi, nikajifanya natafuta chumvi.

"Usimwambie," nikamsikia anasema. "Nimeibandika kwa nyuma. Yeye haangalii nyuma. Ukiiskani utaona zote. Ndiyo, namba zote."

Nikarudi kaunta na sahani yangu, bila hiyo chumvi.

Jioni hiyohiyo nikapita kwenye jengo moja linalojengwa jirani. Nani namkuta amechuchumaa? Bwana Punguzo! Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, na tangu tulipofungua anatamani tufunge. Alikuwa ameinamia kopo letu tupu, kwa upande wa nyuma, simu mkononi. Aliponiona akasimama fasta.

"Shikamoo," akaniambia.

Mtu anayenizidi miaka kumi ananipa shikamoo! Hapo nikajua mambo yameharibika.

Kesho yake nikawahi dukani kabla ya wifi. Nikatoa kopo moja lililokuwa tayari kwa mteja, nikaligeuza.

Kwa nyuma, chini ya mkono wa kopo, kulikuwa na stika ndogo nisiyoijua. Kimraba kingine. Juu yake mwandiko wa wifi: UKUTA WAKO UPO HAPA.

Nikaskani. 

Ikafunguka:

"Chai ya maziwa, iliyopoa. Sebule ya Mama Pacha. Makopo mawili, paka mara mbili. Kila kopo njano vizibo vitatu. Nyekundu kizibo kimoja na matone mawili. Nyeusi robo. Rangi ikibaki, funika vizuri, ligeuze kopo kichwa chini. Ukitaka kuongeza, tuonyeshe ukurasa huu."

Nikakaa chini palepale, juu ya ndoo.

Siri ya duka! Vipimo vya baba mkwe, ambavyo hata mimi mwenyewe sikuwahi kupewa, vinazunguka mtaani mgongoni mwa makopo, na Bwana Punguzo anachuchumaa kuvisoma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ndani ya aproni ya duka, kinakula mshahara wa duka.

Alipoingia nilikuwa nimeshapandisha hasira. Kulikuwa na wateja watatu. Sikujali.

"Punguzo anakupa nini?"

"Punguzo gani tena, wifi?"

Nikampigia kopo kwenye kaunta. "Hiki nini?"

Akalitazama. Akanitazama. "Nilitaka nikuonyeshe ikishakubali. Nikae nikueleze."

"Hukai. Toka. Na aproni uiache, ni ya duka."

Akaivua. Akaikunja mara nne, taratibu, akaiweka mbele yangu. Akataka kusema kitu, nikainua mkono. Mteja mmoja akajifanya anasoma bei za brashi.

"Sawa wifi," akasema, akaondoka.

 Lile kopo nilipolipiga lilikuwa limevujisha rangi kaunta nzima. Nikachukua ileile aproni nikapangusia, nikaitupa kwenye pipa la matambara.

Mume wangu aliposikia aliniuliza swali moja tu. "Umemfukuza mdogo wangu mbele za watu?"

"Nimemfukuza mwizi."

Akavaa viatu, akatoka.

Sasa sikilizeni.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Pacha mwenyewe. Mama wa watu, sauti kama kengele ya shule. Jumamosi alikuwa na wageni wakubwa, wanakuja kwa ajili ya binti yake, na sebule ilikuwa imebaki ukuta mmoja rangi ikamwishia, maana kopo lake la pili ndilo lile nililolimwagia kaunta. Mafundi wamekaa wanamsubiri.

"Niongezee kopo moja. Hii hapa," akanipa simu. Ule ukurasa.

Nikasema moyoni, kwani shida iko wapi? Namba si hizi? Nikazama nyuma kama mtaalamu. Nikatafuta kile kizibo cha shaba. Hakipo. Nikacheka kwa uchungu: kaondoka nacho, si nilisema mwizi? Nikachukua kizibo cha soda. Njano vitatu, nyekundu kimoja na matone mawili, nyeusi robo. Nikakoroga mpaka bega likauma.

Mama Pacha akachungulia ndani ya kopo.

"Hii chai imeingiwa na nini?"

"Ikikauka itatulia, mama."

"Aliyekuambia nani?"

Akaenda nayo hivyohivyo, kwa sababu hakuwa na jinsi. Ijumaa asubuhi akarudi. Hakusalimia. Akaniwekea simu usoni, picha ya ukuta wake. Upande mmoja chai ya maziwa safi kabisa. Katikati baka la matope, la kwangu. Pembeni baka jingine, limepauka kama maji ya kuoshea vyombo.

"Na hili?"

"La Punguzo. Nilikimbilia kwake. Akachanganya kwa kijiko. Unajua alichoniuliza? 'Mama, kizibo gani hiki wanachosema?' Wiki nzima anahangaika na vizibo vya chupa zote za mtaani! Kila kopo lenu tupu anaskani, na hajapata hata rangi moja."



Namba zilikuwa wazi kwa dunia nzima. Lakini kipimo kilikuwa kimoja tu, cha shaba, na chupa yake hakuna aliyewahi kuiona. Kila mwenye ule ukurasa ilibidi arudi kwetu. Wifi hakuwa ametoa siri. Alikuwa amewafunga wateja kamba ya kuwarudisha dukani.

"Mama," nikauliza, sauti imeshuka, "wewe ndiye ulikuwa unaongea naye saa za mchana?"

"Mimi na wenzangu. Alikuwa anatupigia kila mtu, anatuuliza: ukifungua kopo nyumbani unakwama wapi? Mimi nikamwambia, nakwama nikitaka rangi ileile. Kila nikirudi kwenu nabeba kipande cha ukuta kwenye mfuko! Akasema atanitengenezea, ila nisikuambie kwanza, maana wewe ukikataa jambo umekataa."

"Na zile stika zangu za mbele, nani alikuwa anazibandua?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Sisi."

"Nyinyi?"

"Umeandika skani kodi! Nani anataka kodi? Mwenye nyumba anadai kodi, serikali inadai kodi, na wewe nimenunua rangi yako taslimu unaniambia niskani kodi! Jirani yangu alisema ukielekeza simu tu, wanakukata. Tulikuwa tunazibandua hapohapo mlangoni kabla hatujafika nazo nyumbani."

Jamani. Neno lenyewe ndilo wifi alilotaka kuniambia siku ya kwanza.

Nikafunga duka saa nne asubuhi. Nikaenda kwa mama mkwe. Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Aliponiona hakuacha kuanua.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yakapotea yote.

"Wifi, nimekosa," nikasema. "Nimekuaibisha bure mbele za watu. Nisamehe."

Akakunja shuka. Mama mkwe akajifanya anasuuza beseni lililokuwa safi tayari.

"Mtu akishapaka rangi," wifi akasema mwishowe, "ana maswali yake. Inatosha? Ikiisha nitapata hiihii? Sasa anauliza, unamletea picha yako na gauni la harusi. Ataipaka ukutani?"

Mama mkwe akacheka ndani ya beseni. Nami nikacheka huku machozi yananitoka.

"Turudi," nikamwambia. "Mama Pacha ana wageni kesho. Chukua kile kizibo twende."

Akasimama. "Kizibo gani? Sina."

"Si uliondoka nacho?"

"Niondoke nacho ni changu? Ni cha duka. Ulisema aproni ya duka niiache, nikaacha na kizibo ndani ya mfuko. Nilitaka kukuambia, ukaninyamazisha kwa mkono."



Nilikimbia hadi dukani, mimi na mwili wangu huu. Nikapindua pipa la matambara lote sakafuni. Aproni ilikuwa chini kabisa, imekauka, ngumu kama ubao, rangi ya chai ya maziwa kuanzia kifuani mpaka pindoni. Nikachana mfuko kwa kisu.

Kizibo kilikuwemo. Siku zote hizo nilizokuwa namwita mwizi, kilikuwa hatua tatu kutoka kiti changu, na mwenye kukitupa ni mimi.

Wifi akaingia anahema. Akakichukua, akakisugua kwa kidole gumba, akaangalia ndani.

"Bado kizima," akasema. "Lete kopo."

Jumamosi wageni wa Mama Pacha walikaa sebuleni, na hakuna aliyejua ukuta upi ulipakwa lini.

Siku hizi stika ni ya wifi, na inakaa mbele. Zangu zilizobaki nazibia maboksi. Juzi mzee mmoja alilishika kopo lake, akakitazama kile kimraba kwa jicho la pembeni, kucha tayari ziko kazini.

"Mama, hii si kodi?"

"Siyo kodi, mzee," nikamwambia. "Ni ukuta wako."

Akaskani. Akasoma. Akaniuliza kama tunaweza kumwekea na chumba cha mkewe.

Nami nimejifunza kwa aibu. Kinilacho hakikuwa nguoni. Nguoni kulikuwa na kinilishacho, nami nikakipangusia kaunta. Wewe unayesoma hapa na umeshaanza kumpigia mtu wako hesabu za dakika chooni, kabla hujamwita mwizi mbele za watu, hebu kwanza mpe nafasi amalize sentensi.