Bibi Pazia Arukwa Mara Saba

Bibi Pazia alikuwa fundi wa mapazia, na jina hilo alibandikwa na wateja. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, lakini kazi yenyewe hasa aliifanya sakafuni: anatandaza kitambaa, anapiga magoti, anachora kwa chaki, anakata. Katikati ya hayo yote alipita mjukuu wake wa miaka mitano, mbio mbio, kama aliyechelewa kazini.

Ndiyo maana Bibi alimlea kwa miiko. Ukichezea mkasi unaleta ugomvi nyumbani. Ukila umesimama, chakula kinaishia miguuni. Ukimruka mtu hakui tena, mpaka umruke kurudi ulikotoka. Mwenyewe hakuamini hata mmoja, lakini miiko hiyo ilimwokolea vitambaa vingi kuliko makelele.

Siku moja baada ya chakula cha mchana mgongo ulimkaza, akajinyoosha chali kati ya vipande vya pazia la madirisha manne. Usingizi ukampitia. Aliposhtuka aliona visigino viwili vikipita juu ya tumbo lake. Mtoto akatua, akazunguka cherehani hadi alikoanzia, akaruka tena. Alikuwa anahesabu kwa kunong'ona, na alikuwa amefika saba.

Bibi akamwamuru aruke kurudi. Mtoto akagoma. Akatishwa, akabembelezwa, akaahidiwa peremende, wapi.

"Kwani wewe unataka nisikue?"

"Ndiyo."

Jibu hilo lilimchoma Bibi kuliko pini. Ni kweli alikuwa na miaka sitini na minane, na urefu wake ulishaanza kupungua badala ya kuongezeka, lakini nani anapenda kutakiwa mabaya na mtoto aliyemlisha uji kwa mkono wake mwenyewe? Alirudi kwenye cherehani amenuna. Akashona pindo upande usio wake, akalifumua, akalishona vilevile. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akampakata mtoto na kumuuliza amemkosea nini.

Mtoto alikuwa akichezea tepu iliyoning'inia shingoni mwa bibi yake.

"Mama alisema yule bibi jirani amefariki kwa sababu alikuwa mtu mzima sana. Na wewe umebakiza kidogo tu uwe mtu mzima sana. Sitaki ukue tena, Bibi. Baki hapo hapo ulipofika."

Kinyongo chote kikamtoka Bibi. Aliona si haki kumdanganya zaidi. Akamweleza kwamba kuruka hakumzuii mtu kukua, ni maneno tu ya wakubwa wanaoogopa kukanyagwa. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, mdomo ukaanza kumcheza.

"Kwa hiyo utakufa?"

"Siku moja. Leo sina nafasi, pazia la watu halijaisha."

Mtoto hakucheka. Aliuliza kama anaweza kuruka mara moja tu tena, hata kama haisaidii kitu, kwa sababu bado anataka.

Bibi akashuka sakafuni taratibu, goti moja baada ya jingine, akalala chali na kumruhusu. Mtoto akarudi nyuma hatua tatu, akaruka, akatua vizuri. Kisha akageuka, akainua mguu ili arudi kwa njia ile ile.

Bibi akaudaka.

"Hapana, mama," akasema. "Zungukia kule kwenye cherehani."