Adresi Yako Haitaonekana

Khadidja wa fotokopi ni jirani yangu, na kwa kuwa ni jirani yangu nitaanza kwa kumsema vizuri. Hapa mtaani Bwiza hakuna anayemshinda kuandika barua ya kuomba kazi. Ana kompyuta mbili, mashine ya fotokopi iliyozeeka, na benchi la wateja ambalo mimi hulikalia kuliko wateja wenyewe, kwa sababu duka langu la vitambaa limegusana na lake na mchana hakuna anayenunua kitambaa. Mtu akinunua simu mpya humpelekea Khadidja aifungue: aweke namba, aweke adresi ya barua pepe, amwonyeshe pa kubonyeza. Asiyekuwa na adresi huwekewa ya yule aliyekuja naye. Mume akimnunulia mke simu, adresi ni ya mume. Kaka akimnunulia dada, ni ya kaka. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi sana na sijasikia mtu akilalamika. Likumbukeni hilo, maana yeye mwenyewe alilisahau.

Miaka mitatu iliyopita nywele zake zilianza kunyonyoka utosini. Mtandio ulifunika yote, watu hawakujua, lakini alikuwa anaona haya hata kuchana nywele mbele ya binti yake Houda. Ndipo akaanza kuandika blogu, akaiita Chini ya Kitambaa. Aliandika juu ya kusuka kwa kukaza, juu ya dawa za kunyoosha nywele, juu ya aibu. Hakusema kwamba kichwa ni chake. Kila mara ilikuwa "rafiki yangu mmoja", nasi tuliomjua tukanyamaza.

Wanawake wakamiminika. Waliandika kwa majina ya uongo mambo ambayo hawajawahi kuwaambia mama zao. Kabla ya kuacha maoni ulitakiwa kujaza jina na adresi ya barua pepe, na chini yake Khadidja alikuwa ameweka sentensi yake mwenyewe: Adresi yako haitaonekana na mutu.

Mwaka huu akaanza kuchanganya mafuta ya nyonyo na majani ya rozmari. Yalimsaidia, hilo sikatai, nimekiona kichwa chake. Akajaza chupa, akazipanga rafuni. Zikakaa wiki tatu zikishika vumbi. Hapo ndipo macho yake yalipoenda kwenye zile adresi, mia mbili na kumi na nane, zimelala tu ndani ya kompyuta.

Mumewe Ilyasi, fundi wa pikipiki, mtu asiyesema sana, alikuwa amekuja kunywa chai siku ile.

"Mama Houda," akasema, "ile ma-adresse walikupa juu ya nini?"

"Juu niwajibu."

"Na hii ni kujibu?"

"Walikuwa wanauliza dawa, Baba Houda. Dawa njo hii."

"Iko amana," akasema Ilyasi, akaweka kikombe chini, akarudi kwenye pikipiki zake. Nami, niseme ukweli, nilikaa kimya. Nilitaka chupa zile ziuzwe, kwa sababu mbili kati yake nilikuwa nimeahidiwa bure.

Jumatatu asubuhi akatuma ujumbe mmoja kwa wote: Dada mpendwa uliyeniandikia juu ya nywele zako kunyonyoka, dawa yako imefika, njoo Bwiza kwa Khadidja wa fotokopi. Kufika saa sita watu watatu walikuwa wameshaagiza. Alifurahi mpaka akanitumia Fanta. Sijaimaliza hiyo Fanta nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na jibu fupi: Bonjour. Hii adresse ni yangu, naitwa Fortunat. Ni dada gani alikuandikia juu ya nywele?

Khadidja akaitafuta adresi ile kwenye blogu. Mwenye maoni alijiita Wa Kinanira, na aliandika hivi: Ndoa yetu ni mwezi wa nane. Navaa perruque, nywele za bandia, yeye hajue. Niko naogopa sana. Hata simu hii njo yeye alininunulia.

Tuliyasoma pamoja, tukatazamana. Simu aliinunua mwanaume, adresi ikawa ya mwanaume, na yule binti kila alipojaza fomu simu ilimwandikia adresi yenyewe, bila yeye kufikiri. Khadidja alikuwa amefungua simu za namna hiyo kwa mikono yake, kwenye meza ileile.

"Nimemuharibia ndoa," akasema. "Yooo, Mungu wangu, nimemuharibia."

Alitaka kumwonya. Akafungua ujumbe mpya, akaandika Dada samahani, kisha vidole vikasimama. Amtumie wapi? Adresi ya pekee aliyokuwa nayo ni ya Fortunat. Aandike kwenye blogu? Fortunat naye angeweza kuisoma. Akayafuta maoni ya Wa Kinanira. Halafu akaogopa kwamba binti atakuja kutafuta msaada akute hata maneno yake hayapo. Akafuta maoni ya mwezi mzima ili yale yasijulikane kuwa yamefutwa, kisha akaanza kulia kwa sababu wale wengine nao walikuwa wamemwamini.

Siku mbili zile sitaki kuzikumbuka. Hakula. Moto, yaani pikipiki, ikisimama mlangoni, anashtuka. Alimchapia kijana mmoja barua ya kazi akaweka jina la mtu mwingine, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue. Kwenye swala ya alasiri alikaa kwenye sijda mpaka nikadhani ameanguka. Mimi nami nilikuwa nachungulia barabarani kama niliyetuma ujumbe ule mwenyewe.

Jumatano akaingia mwanaume mrefu, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni. Akasimama mbele ya rafu ya mafuta.

"Ni we Khadidja?"

"Ni mi, bwana."

"Mi naitwa Fortunat."

Khadidja akasimama. "Jina lake siwezi kukuambia. Hata mi simujue, na nikimujua sitasema."

"Sikuja kuuliza jina. Nilikuandikia kabla sijafikiri. Ni Orlane, fiancée yangu, tunaoana mwezi wa nane." Alikaa kwenye benchi, karibu yangu, bila kukaribishwa. "Ile mambo nilijua zamani, madame. Mwaka jana alishuka kwa moto, akatosha kaske kwa kichwa, perruque ikafuata. Nikageuka, nikajifanya naongea na simu. Nikasema, siku atataka ataniambia mwenyewe. Nilikuwa nangojea."

Khadidja akakaa tena kwenye kiti chake.

"Sasa message yako iliingia kwa simu yangu na kwa yake pamoja. Anajua nimesoma. Tangu lundi, ile siku ulituma, hashike simu, nikienda nyumbani hafungue. Mimi nikimwambia nilijua, atasema namuhurumia tu. We njo ulisema, twende ukamwambie na hii."

Khadidja akachukua mtandio wake wa kutokea. Mimi nikafunga duka nikawafuata, maana ningebaki ningepasuka.

Kinanira, mtaa anakokaa Orlane, ni mlima, na teksi ilituacha chini ya barabara mbovu. Fortunat akabaki hapo kwenye kona. Sisi tukapanda, Khadidja akipumua kwa shida na si kwa sababu ya mlima. Aliyefungua lango alikuwa msichana mwembamba, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, macho yamevimba.

"Orlane, naitwa Khadidja. Ni mi wa Chini ya Kitambaa."

Orlane hakusogea kutupisha.

"Ule rafiki yako wa kunyonyoka nywele," akasema, "ni we?"

"Ni mi. Samahani sana, mwanangu. Nilitaka kuuzisha. Sikufikiri."

"Pale chini uliandika, adresse haitaonekana na mutu. Nilisoma mara mbili mbele ya kuandika."

Khadidja akafunika uso. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Kisha akamweleza yote: kaske, kule kujifanya anaongea na simu, mwaka mzima wa kungojea. Orlane alisikiliza akiwa ameshika komeo la lango.

"Nilikuwa nimechagua siku," akasema mwishowe. "Siku ya Mungu hii, tukitoka misa. Niliandika maneno kwa karatasi, nikayashika kwa kichwa. Kumbe alikuwa anayangojea." Akajifuta pua kwa kiganja. "Hiyo siku we uliichukua, mama."

"Niliichukua," akasema Khadidja.

"Mwambieni apande."

Nikateremka kumwita. Fortunat alipanda ule mlima karibu mbio na shati lake lile la pasi. Alipofika, Orlane alifungua lango zaidi kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Nilimshika Khadidja mkono tuondoke.

"Mama," Orlane akaita. "Ulituma kwa watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi na nane."

"Mi niko na chance, ya kwangu ilisomwa na Fortunat. Ya wale wengine ilisomwa na nani?"

Akafunga lango.

Tulirudi Bwiza. Chupa Khadidja ameziondoa rafuni, na adresi amezifuta zote, kwa hiyo hata akitaka kuwaomba radhi hawezi. Jibu jingine halijaja mpaka leo. Anafanya kazi yake kama zamani, ila mwanaume asiyemjua akisimama mlangoni, vidole vinasimama juu ya kompyuta mpaka yule mtu aseme anataka fotokopi.