Maji ya Tumbo la Meli

Mpangaji wetu alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, na mimi sikumpenda tangu alipoingia pale kwetu Mirongo. Mama alikuwa na mwalo mdogo, kipande cha ufukwe ambako mitumbwi ilishusha samaki, naye akinunua na kuuza. Ndio uliotulisha. Halafu magugu maji yakaja na maua yake ya zambarau. Ukiyang'oa leo, kesho yamejaa tena, na wavuvi wakaanza kuhamia kwingine.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefanywa huria, meli za watu binafsi zinaingia na kutoka, na nani alijua zimebeba nini? Mpangaji alijiponza kwa mdomo wake. Alitueleza kwamba meli isipokuwa na mzigo hunyonya maji tumboni ili isiyumbe, ikikaribia kupakia huyamwaga. Basi! Mama akanitupia jicho: kumbe magugu yameletwa na maji hayo. Jamaa akaapa kwamba wanayachota katikati ya ziwa na kuyamwaga hukohuko, tena kwa chujio. Nani amwamini? Tangu siku hiyo akisema shikamoo, mama anaendelea kuchambua dagaa kama hajasikia. Mwishowe akamwambia atafute chumba kwingine. Nilifurahi, sitaficha.

Alihamia Mkolani. Magugu hayakuhama.

Aliyebaki kushusha kwetu alikuwa mjomba tu, kaka yake mama, aliyetoka visiwani na sangara wa kupelekwa kiwandani. Asubuhi moja tulikwenda kumpokea. Sangara walikuwa wamefunikwa majani mabichi, manene, yenye maua ya zambarau. Mjomba akayafunua kwa mikono miwili, akayatupa majini bila hata kutazama, kama alivyofanya siku zote mbele ya macho yetu.

Mama akamuuliza ameyatoa wapi. Akasema huko visiwani yamejaa tele. Mama akamsihi atumie magunia. Mjomba akacheka, akasema magunia yanachemsha samaki, kiwanda kitawakataa.

Mama alisimama, maji yakimfika magotini. Mimi nilikuwa namfikiria yule fundi na shikamoo zake, nikaona aibu.

"Kaka," mama akasema, "geuza mtumbwi. Hapa hushushi tena."

"Sasa utabaki na nani?"

Mama aliinama, akaanza kuyaokota yale majani na kuyatupa nchi kavu. Nikaingia majini kumsaidia, na mtumbwi wetu wa mwisho ukageuka.