Mapipa ya Baba

Juzi niliona mapipa ya plastiki ya buluu yamepangwa nje ya duka huko Laurel, huku ughaibuni tulikohamia, nikakumbuka alasiri moja ya Jumapili nilipokuwa mtoto.

Asubuhi hiyo mwalimu wa katekisimu alikuwa ametusimulia juu ya Wakatoliki wa Uingereza ya kale ambao mfalme aliwazuia kusali. Wachache wao walificha mapipa ya baruti chini ya bunge ili wamlipue akija kulifungua, wakakamatwa kabla ya kuwasha moto, wakauawa. Kwangu mambo hayo yalikuwa ya wiki iliyopita. Wakatoliki walikuwa sisi. Mapipa yalikuwa yale mawili ya stoo ya chini ya nyumba yetu, ambayo Baba aliniambia juu yake, "Usimtajie shangazi yako kwa simu. Ni siri." Na bunge la nchi hii halikuwa mbali na kwetu.

Baba aliposhuka kuyafunga, alinikuta nimekaa juu ya kifuniko nikilia.

"Shuka, mama. Gari la mizigo linakuja."

"Watakuua, Baba! Na hakuna aliyetukataza kusali!"

Alinishusha, akafungua. Harufu ya sabuni na viatu vipya ikanijaa puani. Ilikuwa mizigo ya Krismasi ya watu wa nyumbani, Nyeri. Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

"Na wakitukataza?" nikauliza.

Kicheko kikakatika. Alishindilia sweta ya shangazi, akarudisha kifuniko.

"Nishikie hapa," akasema.

Tangu hapo nimesoma mengi juu ya mfalme yule na waliotaka kumuua. Baba sijamuuliza tena.