Siku Niliyosimama Kati ya Mama na Adui

Mwanangu, juzi uliponiambia unakwenda jeshini nilisema "vizuri," nikaendelea kupepeta mchele wangu. Usidhani sikukusikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Leo keti nikusimulie siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka humshukuru Mungu, na baada ya Mungu humshukuru mtu mmoja, Mzee Chilumba.

Miaka hiyo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, huku huku bondeni, kati ya Mahurunga na Kitaya. Ng'ambo ya Ruvuma wenzetu walikuwa wakipigana na Mreno, na vita havijui mpaka, vikawa vinatuvukia. Ndiyo maana vijana wote wa kijiji, wake kwa waume, tulifundishwa mgambo. Tulicheza kwata na bunduki za mbao, maana za kweli zilikuwa chache. Ungetuona ungecheka. Mwalimu wetu alikuwa huyo Mzee Chilumba, mtu mfupi, mguu mmoja mbovu, aliyewahi kuchukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma. Vijana walipenda kumwuliza aliua wangapi huko. Yeye hujibu, "Niulizeni niliorudi nao."

Basi kaka yangu Hamisi akakanyaga bomu lililotegwa na askari wa Mreno kwenye njia ya mashamba ya mpunga. Alikuwa na jembe begani, hana silaha. Tulimzika alasiri ile ile. Mama hakulia, aliacha kula tu. Nami tangu siku hiyo sikuchelewa kwata tena. Nilikuwa na haja moja moyoni: nimpate mmoja wa askari hao.

Nikampata. Arobaini ya Hamisi haijafika, asubuhi moja wavuvi wakamleta kijana waliyemkuta akivuka mto kwa kuogelea. Walikuwa wamemfunga kamba mikononi. Alivaa gwanda la jeshi la Mreno, lakini alikuwa mweusi kama sisi, na umri hakunizidi. Kijiji kizima kikafurika. Wapo waliookota mawe, wapo waliokuja na mapanga.

Mzee Chilumba akachechemea hadi katikati, akamshika yule kijana bega, akamwingiza katika ghala la mpunga na kufunga mlango. Kisha akatutazama wanamgambo wake. Nilijibanza nyuma ya wenzangu, akaniona.

"Somoe, njoo ushike lindo. Naenda kambini kuwaita wanajeshi. Asiingie mtu mpaka nirudi."

Watu wakaguna. Nikamwambia, "Afande, mimi ni dada yake Hamisi."

"Najua. Ndiyo maana sikumwita mwingine. Ukisimama wewe, nani atasema ana uchungu kukupita?"

Akanipa bunduki yake, ile ya kweli, akapanda baiskeli akaenda.

Mwanangu, nilisimama pale nikimchukia yule kijana nyuma yangu, na nikimchukia Mzee Chilumba zaidi. Lakini alisema kweli. Waliotaka kusogea walinitazama usoni, wakarudi nyuma. Jua lilipokuwa kali mawe yakaanza kuachwa chini, moja moja, na watu wakaenda kivulini.

Ndipo akaja mama na mchi wa kinu.

"Toka mlangoni, Somoe."

"Mama, niko lindoni."

"Kaka yako ulimlinda?"

Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo. Nikasema, "Sikuweza, mama. Huyu naweza. Kama ni kupiga, nipige mimi kwanza."

Akaunyanyua mchi. Bunduki nilikuwa nimeielekeza chini, na chini ikabaki. Mchi ukakaa juu, ukakaa, kisha ukamponyoka. Mama akaketi mchangani akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Nami nililia, ila mgongo wangu haukubanduka mlangoni.

Sauti ikatoka ndani ya ghala, kwa Kimakonde, lugha ya mama yangu. "Mama, unayemlilia aliuawa na yale mabomu ya njiani? Wareno walinikamata shambani kwa baba yangu, wakanilazimisha niyabebe. Ndiyo sababu nimetoroka. Najua yalipobaki."

Nilidhani sasa mama atauokota ule mchi. Akajifuta uso kwa kanga, akaniambia, "Mpe maji."

Alasiri Mzee Chilumba akarudi na wanajeshi. Yule kijana akawaonyesha, nao wakayatoa mabomu, mengine karibu kabisa na pale wanawake tulipokuwa tukiteka maji. Kisha wakampeleka Mtwara mjini, na habari zake sikuzisikia tena. Nilimrudishia Mzee Chilumba bunduki yake nikimsifu kwamba alijua kijana yule atatufaa. Akanikatiza.

"Sikujua lolote. Angekuwa hana hata neno la kutuambia, ningekuweka pale pale. Aliyefungwa kamba hapigwi, Somoe. Huo si uaskari."

Mavuno ya mwaka huo mama alimpelekea Mzee Chilumba pishi ya mchele mpya. Hakusema ni ya nini, naye hakuuliza.

Ninashukuru, mwanangu. Mikono hii imezika na imelea, imekubeba na wewe, na haina damu ya mtu asiyeweza kujitetea. Peke yangu siku ile nisingeweza. Niliwezeshwa na mtu aliyeniweka mahali pagumu kwa sababu aliniamini.

Basi nenda. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na wengi hudhani kilio hicho ni cha kufa vitani tu. Kipo na kile cha kuisimamia haki huku moyo wako mwenyewe unaipinga. Bunduki watakufundisha, kujizuia hutafundishwa na mtu ukiwa umeshakasirika, kwa hiyo anza leo. Mtii mkubwa wako katika haki. Mnyonge akiwa mikononi mwako, hata kama jana alikuwa adui, mhesabu kuwa amana. Na usione haya kulia, mradi usiliache lindo.

Mungu akutie nguvu mkononi na huruma kifuani. Akukutanishe na wakubwa watakaokuamini kabla hujajiamini. Mimi mama yako radhi zangu unazo, za kwenda nazo na za kurudi nazo.