Kasongo kwa Baiskeli, na Sufuria Nyuma

Nilitoka Kabambare kwa sababu mke wangu Mwavita alikataa kuhama. Shule moja ya Kasongo ilikuwa imeniita nikafundishe huko, na moyo wangu ulishafika kabla ya miguu. Mwavita hakupiga kelele. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akauliza bila kusimamisha mchi: "Kule tukifiwa, nani atakuya? Tukioza mutoto, nani atatupikia? Hapa watu wanatujua." Vakanse, likizo ya shule, ilipoanza, nikamwambia nitakwenda mwenyewe, niuzunguke mji wote kwa baiskeli, nirudi na jibu la kweli. Kama ni mji wa watu wasiotazamana, tutabaki tulipo.

Alfajiri, Kabambare. Jirani alisimama njiani akaitazama baiskeli yangu mbele na nyuma. "Mwalimu, unabeba nini?" Nikamwambia sibebi kitu, nakwenda kutembea. "Kutembea? Na baiskeli tupu?" Huku kwetu baiskeli hubeba mawese, mihogo na kuku, anayeendesha baiskeli tupu huonekana kama katoroka. Nilicheka, nikakanyaga. Ninyi mliobaki nyumbani, hamjui utamu wa kupita shule yako ukijua hakuna kengele itakayokuita.

Jioni, Lusangi. Tope lilinikalia mpaka kwenye nyusi. Familia iliyonilaza ilinipa maji ya moto, ugali na samaki, na mama wa nyumba akaniuliza ninafuata dhahabu gani. Nilipomwambia nafuata mji tu, nikautazame, alimgeukia mumewe: "Huyu iko na akili sawa?" Mumewe akasema walimu wote wako hivyo. Nililala usingizi mzito.

Kasongo, kesho yake. Kwa mtu wa Kinshasa huenda huu ni mji mdogo. Mimi niliingia mdomo wazi. Maduka yamepangana, misikiti hapa, shule za misheni kule, pikipiki zinapita mbele na nyuma yako kwa wakati mmoja, na hakuna anayekusalimu kwa jina. Nilipiga kengele ya baiskeli bila sababu, kwa raha tu. Rafiki yangu Ramazani, niliyesoma naye zamani, alinipokea na chai. "Kesho utazunguka peke yako," akaniambia, "mi niko na kazi dukani. Usiogope kupotea. Kupotea ndiyo kutembea."

Asubuhi, sokoni. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikanunua mandazi ya moto, nikajaza mdomo. Mara akatokea mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha manjano kichwani, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba sufuria ya kupikia harusi, kubwa hata mtu mzima angeweza kukaa ndani. Kabla sijameza, sufuria ilishafungwa kwa kamba za mpira nyuma ya baiskeli yangu. "Umechelewa, lakini hapana neno," mama akasema. "Moto umeshawaka. Unifuate!" Akapanda pikipiki, akaondoka.

Nilimfuata. Mngefanya nini ninyi? Nilikanyaga na andazi mdomoni, sufuria ikilia ngo! kila tulipoingia shimo. Pikipiki ikakata kona, na nilipofika pale nikakuta pikipiki tele, kila moja na mama nyuma, na wa manjano hayumo. Hapo furaha ikanitoka. Mimi mgeni, nimebeba mali ya harusi ya watu. Wakiniita mwizi, nani atanisemea? Na mahali fulani katika mji huu kuna mchele usio na pa kuivia, na bi harusi ambaye wageni wake wataondoka na njaa kwa sababu yangu.

Fundi cherehani mmoja barazani aliinua kichwa, akacheka. "Ile si Mukono-Moja?"

"Nani?"

"Ile sufuria. Angalia, iko na mukono moja tu. Wiki iliyopita ililala kwetu, tulikuwa tunaoza dada yangu. Kabla ya pale ilikuwa kwenye matanga, upande wa misheni."

Ndipo aliponieleza. Sufuria ile haina mwenyewe. Wamama waliichangia, Waislamu na Wakristo, na hulala kwenye nyumba iliyopika mwisho mpaka nyumba nyingine iiite. Nilimuuliza leo inaitwa wapi. "Leo? Mi sijue. Uliza kule kwa musikiti."

Basi hivyo ndivyo nilivyouona mji wa Kasongo. Kwenye msikiti wakanituma kwa wauza samaki. Wauza samaki wakasimama kuigonga sufuria kama mtu anavyompiga mwenzake begani, na mmoja akasema, "Ilitupikia arobaini ya baba yangu," akanituma upande wa misheni. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alipunguza mwendo, akaendesha kando yangu: "Mukono-Moja inaenda wapi leo, tukuye kula?" Nilijibu kwamba hata mimi nauliza. Woga ulikuwepo bado, lakini kicheko kiliushinda. Kwenye mteremko breki zilikataa. Nikabana gurudumu la nyuma kwa kandambili, nikapiga kelele watu wapishe, na watu wakapisha wakishangilia.

Chini ya mteremko nilisikia vigelegele. Harusi! Kabla sijasimama vizuri wamama walishafungua kamba, wakaipandisha sufuria juu ya mafiga, wakamimina maji. Nikavuta pumzi, nikafuta jasho. Kisha akatoka mama mwenye harusi, akaangalia sufuria, akaangalia uso wangu.

"Nani amekutuma?"

"Mama wa kitambaa cha manjano."

Kando yake niliona sufuria zake ndogo zimepangwa, zote zinachemka kwa shida. Wenzake walinong'ona kwamba sufuria imeshafika, si wao walioiiba. Mama yule aliigusa Mukono-Moja ukingoni, na niliona wazi alivyoitamani. "Hapana," akasema mwisho. "Huyo wa manjano ni Mama Zaina, aliiita mbele, mi nikafuata nyuma. Leo harusi iko mbili. Mwageni maji." Wakamwaga, wakaifunga tena wao wenyewe, na mama akanionyesha njia: nyuma ya shule, nyumba yenye bati jipya. "Umwambie kesho ikuye kwetu, wakwe wanakuya kula."

Nilikanyaga kama kijana. Nyuma ya shule, Mama Zaina alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, kitambaa cha manjano kimeteleza shingoni. "Weye! Ulipitia mpaka Kindu?" Pembeni yake alikaa mtu mwembamba, mwenye baiskeli yake, na yeye ndiye aliyekuwa ameitwa sokoni. Ilibidi niseme. Mimi si mbebaji, mimi ni mwalimu wa Kabambare, niko vakanse.

Mama Zaina aliziba mdomo kwa kiganja. "Nimemutuma mwalimu! Kwa nini hukusema?"

"Mdomo ulijaa mandazi."

Uwanja mzima ulicheka mpaka mtu wa baiskeli akafuta machozi. Wageni walikula kwa kuchelewa kidogo, na mimi niliwekwa mkekani mbele ya pilau ya kwanza. Nilipokuwa nakula nilimweleza Mama Zaina habari ya shule, na swali la Mwavita neno kwa neno. Hakucheka tena. Alikaa chini karibu yangu.

"Mukifika, mutume mutu tu," akasema. "Kwa furaha ao kwa kilio, itakuya. Na sisi tutakuya nayo."

Njiani kurudi, watu niliokuwa siwajui waliniita kutoka mabarazani: "Baba Mukono-Moja! Safari njema!" Nilijibu kila mmoja kwa kengele. Nilijifunza kwamba mtu akitaka kuujua mji asiutazame tu. Aingie mahali ambapo watu wanamhitaji, hata kwa makosa.

Kabambare, jioni. Mwavita alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye maneno ya Mama Zaina akageuka kuangalia jikoni kwetu. Kisha akauliza: "Na ile sufuria inaingia muchele kiasi gani?"